Hesabu Huanzia kwenye Nyanya: Umeme wa Jua na Upepo kwa Kitalu Nyumba cha Lubumbashi

Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, jua la Lubumbashi halina huruma. Ilikuwa saa saba mchana, tuko shambani kwa mama mmoja kando ya barabara ya Kipushi. Kitalu nyumba chake, ambacho hapa wengi hukiita serre kwa Kifaransa, kina upana wa mita 8 na urefu wa mita 15. Miche 300 ya nyanya ilikuwa imefungwa kamba, imepanda hadi usawa wa kifua. Kwenye paa la kibanda cha zana kulikuwa na paneli mbili za jua za wati 250 kila moja. Ndani kulikuwa na betri tatu na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, na juu ya mlingoti uliofungwa kwenye nguzo ya kitalu, mtambo wa upepo wenye mapanga matatu. Vyote vizima, vyote vya kununuliwa. Na feni zilikuwa zimesimama. Chini ya miche, maua ya njano yalikuwa yametapakaa yakiwa bado na vikonyo vyake, kwa sababu nyanya ikikaa kwenye joto la nyuzi 35 na zaidi, chavua yake hufa na ua hudondoka halijafunga tunda.

"Mwanangu, nilinunua kila walichoniambia," alisema. "Mchana zinazima, usiku ndiyo kabisa. Kosa liko wapi?"

Nilizunguka na kipimo cha umeme mkononi kwa nusu saa, na jibu likawa kwamba hakuna kifaa kibovu. Walioanza kuhesabu walianza na vifaa, kisha wakatafuta kazi ya kuvipa. Hesabu inapaswa kwenda kinyume: uanze na mche wa nyanya na mahitaji yake, urudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye paneli. Nimeona kosa hili mara nyingi mno kuzunguka mji wetu, na linawala watu akiba zao, ndiyo maana naliandikia kwa urefu.

Wanaolima pembezoni mwa Lubumbashi hawatafuti umeme wa jua kwa anasa. Umeme wa Katanga, eneo letu hili la kusini mwa Kongo, ulijengwa kwa ajili ya migodi: mabwawa ya Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, Mwadingusha na Koni kwenye Lufira, kisha ile laini ndefu ya kilomita takriban 1,700 kutoka bwawa la Inga kwenye mto Kongo hadi Kolwezi iliyokamilika mwaka 1982. Shamba la mboga liko nje ya ramani hiyo. Penye nguzo kuna delestaji, yaani mgao wa umeme, na pasipo nguzo hakuna la kusubiri.

Kitalu kinataka nini hasa

Vitabu vingi vya vitalu nyumba viliandikwa Ulaya, ambako kitalu ni cha kuhifadhi joto. Kwetu kazi yake kubwa ni kuzuia mvua kali isipige majani, kuzuia wadudu, na kumpa mkulima mavuno wakati wengine hawana. Joto ndilo adui kwa miezi mingi. Kwa hiyo swali la kwanza ni hewa.

Hewa moto hupanda. Ukiacha uwazi mrefu kwenye kilele cha paa na pazia zinazokunjika pande zote mbili ndefu, kitalu kinapumua chenyewe. Na hapa ndipo upepo unapoanza kufanya kazi, kabla hujanunua mtambo wowote. Kiangazi upepo wetu huja zaidi kutoka kusini mashariki. Elekeza ubavu mrefu wa kitalu upande huo, ufungue pazia kwa urefu wa mita 15 na kimo cha mita 1. Upepo mwanana wa mita 1 kwa sekunde, ule ambao huwezi hata kuusikia masikioni, unapitisha hapo mita za ujazo 15 za hewa kila sekunde. Tuseme chandarua cha kuzuia wadudu kinakula nusu yake. Kitalu cha mita za ujazo 360 kinabadilisha hewa yake yote chini ya dakika moja, mradi pazia la upande wa pili nalo liwe wazi ili hewa itoke.

Feni mbili alizouziwa mama, kila moja ya wati 250 na za umeme wa kawaida wa nyumbani, zilinunuliwa kwa sababu pazia zake zilikuwa zimeshonwa chini, hazifunguki. Kwa saa saba kwa siku feni hizo zilitaka wati-saa 3,500.

Nisimame kidogo kwenye maneno hayo mawili, kwa kuwa ndiyo yanayochanganya watu. Wati ni kasi, kama maji yanavyotoka bombani. Wati-saa ni maji yaliyojaa ndooni baada ya muda. Feni ya wati 250 ikizunguka saa saba inakunywa ndoo ya wati-saa 1,750. Muuzaji akikwambia "hii ni ya wati 500", amekueleza bomba tu. Muulize ndoo.

Tulikata plastiki, tukaweka pazia za kukunjwa kwa mkono, tukafungua kilele, na Septemba na Oktoba mama hutandaza wavu wa kivuli juu. Feni kubwa zikatoka. Badala yake ziliingia mbili ndogo za wati 60, zinazotumia umeme wa moja kwa moja (DC, ule wa paneli na betri) wa volti 24, kwa zile saa ambazo hewa imetulia tuli.

Maji ndiyo hitaji la pili, na hapa watu huogopa bure. Kupandisha maji si kazi kubwa kama tunavyodhani. Nyanya iliyokomaa kwenye joto hunywa lita mbili hadi tatu kwa siku, kwa hiyo miche 300 inataka lita 1,000 hivi siku mbaya kabisa. Kisima cha mama kina maji kwenye mita 20, tangi liko juu ya jukwaa la mita 3. Kuinua lita 1,000 kwa mita 23 kunahitaji wati-saa 63. Pampu ndogo hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu inayopewa, basi tuhesabu 160. Ni chini ya sehemu ya ishirini ya zile feni. Angalizo moja: pima kisima mwezi wa Oktoba. Kipimo cha Machi, maji yakiwa juu, kitakuuzia pampu ambayo kiangazi itakuwa inavuta hewa.

Hitaji la tatu ni usiku wa Juni na Julai. Mgeni haamini, lakini Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na mabondeni alfajiri za kiangazi huuma kweli. Miche michanga hudumaa. Usifikirie hita ya umeme: hita ya wati 1,000 kwa saa kumi ni wati-saa 10,000, mara kumi ya mahitaji mengine yote ya kitalu yakijumlishwa. Mapipa hufanya kazi hiyo bure. Pipa la lita 200 lililopakwa rangi nyeusi, likishiba jua mchana na kupoa nyuzi 10 usiku, hutoa joto la wati-saa 2,300. Mapipa manne yaliyopangwa kando ya vitanda vya miche yanakaribia kabisa hita ile. Nimeweka kiganja juu ya pipa moja saa kumi na moja alfajiri, nje pumzi yangu ikionekana kama moshi, na chuma kilikuwa bado na uvuguvugu.

Sasa ndiyo paneli

Feni mbili ndogo kwa saa tano: wati-saa 600. Pampu: 160. Taa za usiku na za ulinzi: 120. Kifaa cha kufungulia vali za umwagiliaji wa matone pamoja na vipimajoto: 50. Jumla ni 930 kwa siku. Nyaya, betri, vumbi na joto la paneli vinakula kiasi cha theluthi, kwa hiyo tuwe na 1,330 zinazozalishwa.

Jua la Lubumbashi ukilipima kwa mwaka mzima linatoa wastani wa saa tano hadi sita za jua kamili kwa siku, yaani saa ambazo paneli ingetoa wati zake zote. Mawingu ya Desemba na Januari hulishusha, na mimi huhesabu kwa saa 4.5 ili nisijidanganye. Gawanya 1,330 kwa 4.5 na unapata wati 296 hivi. Paneli mbili za mama zina 500. Alikuwa nazo za kutosha na ziada tangu siku ya kwanza.

Tena kuna bahati yetu ambayo wakulima wa nchi za baridi hawana. Huko kitalu hudai nguvu nyingi majira ya baridi, ambapo jua limepotea. Kwetu kitalu hudai hewa na maji Septemba na Oktoba, na huo ndio wakati jua liko kwenye ukali wake. Mawingu ya Januari yakija, feni hazina kazi nyingi na nyanya hazinywi vile. Mahitaji na jua vinatembea pamoja. Inahuzunisha kuona mtu ameuziwa mtambo uliopigiwa hesabu za nchi nyingine.

Kama alikuwa na wati 500, mbona hazikutosha? Kwa sababu ya kisanduku kidogo kati ya paneli na betri: kidhibiti chaji, ambacho mafundi wetu hukiita régulateur. Volti ni msukumo wa umeme, ampea ni wingi wa mkondo wake, na ukizidisha hizo mbili unapata wati. Kila paneli yake hufanya kazi kwenye volti 31 hivi na hutoa ampea 8. Betri ilikuwa ya volti 12. Kidhibiti rahisi, kilichoandikwa PWM, huishusha paneli mpaka kwenye volti ya betri, tuseme 13, bila kuongeza ampea. Nane mara kumi na tatu ni wati 104. Paneli ya wati 250 imegeuka ya wati 104, na hakuna taa nyekundu inayowaka kukwambia. Kidhibiti cha aina ya MPPT hubadilisha ile ziada ya volti kuwa ampea, kinachopotea ni kidogo. Kina bei zaidi, lakini kwa paneli za volti kubwa ni bei rahisi kuliko kununua paneli nyingine mbili.

Kuhusu mahali pa kuziweka sitakawia. Tuko kwenye nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli hutazama kaskazini, zikiinama nyuzi 12 hadi 15, zisilale kabisa maana mvua haitaziosha. Jua la adhuhuri Juni liko upande wa kaskazini, Desemba linahamia kidogo kusini, lakini mwinamo huo unavumilia. Zisiwekwe juu ya kitalu: zitaiba mwanga wa mimea. Na kiangazi vumbi letu jekundu hujenga ukoko. Kitambaa na maji alfajiri, kioo kikiwa baridi, mara moja kwa wiki.

Tangi ndilo betri

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tuangalie taratibu. Ukipitisha mahitaji yote kwenye betri na kutaka akiba ya siku mbili, unahitaji wati-saa 1,860. Betri za risasi na asidi hazitakiwi kushushwa chini ya nusu, la sivyo zinakufa mapema, basi ununue 3,720. Gawanya kwa volti 12 na unapata ampea-saa 310, kipimo kinachoandikwa kwenye betri: betri tatu kubwa na bado pungufu.

Lakini ni kipi kati ya mahitaji hayo kinachofanya kazi gizani? Feni huzunguka jua likiwaka. Pampu nayo inaweza kufanya kazi saa nne hadi saa nane mchana, ikajaza tangi, na maji yakateremka kwa uzito wake kwenye mipira ya matone jioni au alfajiri, bila umeme wowote. Maji yaliyopandishwa mchana ni nguvu iliyowekwa akiba, na tangi halina asidi, halizeeki kwa miaka miwili, haliibiwi kirahisi. Linalobaki kwa betri ni taa na vipimo, wati-saa 170 kwa usiku. Akiba ya siku tatu ni 510, ukizidisha mara mbili ni 1,020. Betri mbili ndogo za ampea-saa 50 zikiunganishwa kuwa volti 24 zinatosha. Mama tulimwachia mbili kati ya tatu alizokuwa nazo, zile zilizopimwa na kukutwa nzima.

Betri ya gari isitumike. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kidogo kidogo usiku kucha. Mwenye uwezo anunue lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti, inayokubali kutumiwa asilimia 80 ya chaji yake na kudumu miaka mingi zaidi. Betri hiyo haina kobalti ndani yake. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa huku kwetu Katanga, kwa gharama tunazozijua sisi wenyewe, na mimi hufarijika kila ninapofunga betri ambayo haikuidai.

Inveta tuliiondoa kabisa. Inayobaki imewashwa bila kazi hula wati 15 hivi, na kwa saa 24 ni wati-saa 360, zaidi ya mara mbili ya kila kitu kinachotumika usiku. Ndiyo iliyokuwa ikizimaliza betri za mama kabla hakujakucha.

Waya nao unadai heshima yake. Pampu ya wati 120 kwenye volti 12 huvuta ampea 10. Kwa umbali wa mita 20 na waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, volti 2.8 hupotea njiani, karibu robo ya zote. Kwenye volti 24 ampea hushuka kuwa 5, na hasara huwa volti 1.4 kati ya 24. Waya uleule, pampu ya wati zilezile. Hiyo ndiyo sababu ya volti 24. Na kabla hujalipa, kwangua ncha ya waya kwa kisu: kukitokea weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, inapitisha umeme vibaya na huchemka kwenye maungio. Nimewahi kuuziwa roli zima la namna hiyo katika mji huu ambao jimbo lake liliitwa Shaba kwa zaidi ya miaka ishirini. Iliniuma, na tangu siku hiyo kisu hakiniachi.

Upepo wa mlingotini

Nguvu ya upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi yake. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nane. Ikipungua nusu, inabaki sehemu ya nane. Mtambo wa mama una kipenyo cha mita 2, na kibandiko chake kimeandikwa wati 600. Kibandiko hakisemi uongo, ila kinazungumzia upepo wa mita 12 kwa sekunde, upepo wa dhoruba za mwanzo wa mvua. Kwa hewa yetu, ambayo kwenye kimo cha mita 1,200 ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu ya kumi kuliko ya pwani, mtambo huo kwenye mita 3 kwa sekunde utatoa wati 11 hivi, ukikubali kuzunguka. Kwenye mita 6, wati 87. Ukivuma mita 3 mfululizo usiku na mchana, ndoo ya siku nzima ni wati-saa 264, ambazo paneli ndogo ya wati 60 ingezileta hata Januari.

Watu husema upepo utaziba pengo la jua. Ulaya ni kweli, kwa sababu dhoruba zao huja majira ya baridi jua likiwa hafifu. Kwetu upepo wa kusini mashariki huvuma kiangazi, mchana zaidi ya usiku, wakati paneli tayari zimeshiba. Masika, mawingu yakitanda, hewa mara nyingi hutulia hadi radi ipige. Upepo wetu humsaidia aliyekwisha kupata.

Mlingoti nao ulikuwa na kasoro zake. Ulizidi kitalu kwa mita 2 tu, nyuma yake kuna miembe na kichuguu kikubwa kama vyote vya Katanga, kwa hiyo upepo ulifika umevurugika. Mapanga yanataka kuwa juu ya kila kizuizi cha jirani kwa mita 9 au 10. Mtetemo wake ulikuwa umelegeza skrubu za nguzo na kuchana plastiki urefu wa mkono. Isitoshe, mtambo wa upepo hauchomolewi kama paneli: betri ikijaa na umeme ukakosa pa kwenda, mapanga hukimbia ovyo hadi yavunjike. Unahitaji kidhibiti chake wenyewe, chenye kipinga umeme (résistance) cha kugeuza nguvu ya ziada kuwa joto. Hakikuwepo. Na mlingoti mrefu wa chuma kwenye nchi ya radi kama yetu lazima uwe na waya mnene unaoshuka moja kwa moja hadi fimbo ya shaba iliyozikwa kwenye udongo wenye unyevu.

Sisemi upepo hauna mahali. Nyanda za juu zilizo wazi, kama za Kundelungu au Biano, zinastahili kupimwa. Panapopatikana wastani wa mwaka wa mita 5 kwa sekunde kwenye kimo cha mapanga, mtambo hulipa. Hata penye mita 3, lile gurudumu la mapanga mengi linalovuta pampu moja kwa moja, bila umeme katikati, linaweza kujaza tangi. Kinachotakiwa ni kupima kwanza, na macho yanatosha kuanzia: majani na vijiti vikichezacheza bila kukoma, ni mita 3 hadi 5, vumbi na karatasi zikinyanyuka barabarani, ni 6 hadi 8. Baadaye ununue kipimo chenye vikombe na uandike kwa mwaka mzima.

Mama alikubali. Mlingoti tuliuhamishia uwanjani, mbali na miembe, na juu yake sasa kuna kipimo cha vikombe. Mtambo umefunikwa gunia ndani ya kibanda. Kando ya mlango, kwenye msumari, linaning'inia daftari la shule, na binti yake huandika namba mara tatu kwa siku. Wakitimiza mwaka wataamua kama mapanga yarudi juu au yauzwe. Tangi la pili ameshalinunua.